Tazama Kazi Kabla Hujatoa Amri

Mtu akipewa cheo kwa mara ya kwanza, hamu yake kubwa huwa ni kusema. Awe ameteuliwa mwalimu mkuu, msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenyekiti wa kikoba au bosi wa vijana watatu wa kuosha magari, anaona asiposema atadharauliwa. Basi siku ya pili anatoa agizo, siku ya tatu anatoa jingine, na mwezi haujaisha kazi imerudi ilivyokuwa, ila sasa watu wananyamaza anapoingia.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako uliyepewa watu wa kuwaongoza, wawe wawili au mia mbili. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujabadilisha chochote, ujizoeze kuwatazama watu wakiwa kazini hadi uelewe kwa nini wanafanya wanavyofanya. Mara nyingi utakuta sababu haiko kwenye tabia zao. Iko kwenye namna kazi ilivyopangwa, na aliyeipanga hayupo pale. Mazoezi hayo hayahitaji ofisi. Anzia barabarani, sokoni, kwenye nyumba inayojengwa mtaani kwenu, mahali ambapo huna mamlaka yoyote na kwa hiyo huna haraka ya kukemea. Macho yakishazoea huko, ndipo urudi kwa watu wako.

Namna ya kusimama

Chagua sehemu moja tu, na uende wakati kazi inaanza. Anayefika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa nne asubuhi anakuta samaki mezani na bei zake. Aliyefika alfajiri ameona mashua zikiingia, ameona nani anapokea mzigo, nani anaitwa kuupanga, na mnadishaji anavyosoma nyuso za wanunuzi kabla ya kuachia fungu. Mpangilio wa kazi huonekana inapoanza na inapokabidhiwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Katikati, kila kitu huonekana kinajiendea chenyewe.

Salimia. Mwenye umri mpe shikamoo yake, na wote waambie "Poleni na kazi." Wakikujibu "Tumeshapoa," umeruhusiwa kukaa. Kama ni kwa mama lishe, agiza chai na chapati, ukae pembeni usizibe njia ya wateja. Simu iache mfukoni. Mtu akiona kamera huacha kufanya kazi anavyoifanya siku zote, akaanza kuifanya anavyodhani unapenda uione.

Jioni, ukifika nyumbani, andika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Andika ulichoona, usiandike ulichohukumu. "Konda ni katili" ni hukumu. "Konda aliwazuia wanafunzi wanne mlangoni, akawapandisha watu wazima waliofika baada yao" ni jambo lililoonekana. Hukumu inafunga mjadala. Jambo lililoonekana linakuacha na swali, na swali hilo tutalirudia.

Siku ya kumwaga zege

Kama ningeambiwa nichague kazi moja ya kumpeleka kiongozi mpya akaitazame, ningempeleka saiti siku ya kumwaga slabu ya ghorofa. Siku hiyo hakuna nafasi ya kujificha. Saruji ikishakutana na maji inaanza kukaza, na zege lililochanganywa linatakiwa liwe limemwagwa na kusambazwa ndani ya saa moja na nusu hivi. Jua likiwa kali, muda unapungua. Ukiacha nusu ya slabu leo ukaimalizia kesho bila kuandaa maungio, pale zege la leo linapokutana na la kesho panabaki udhaifu, na mara nyingi ndipo maji ya mvua yatakapopenyea. Ndiyo maana mafundi husema zege halilali, na msemo huo umetoka saiti ukaingia mpaka kwenye siasa na mapenzi.

Fika mapema, kabla mashine haijawashwa. Utaona fundi mkuu akizunguka juu ya mbao na nondo, akikanyaga hapa na pale, akigonga mirunda iliyoshikilia mbao kwa chini. Hasemi neno. Anachokagua ni kile ambacho hakitarekebishika zege likishamwagwa. Kiongozi anayejua kazi hutumia nguvu zake nyingi kwenye saa hiyo, kabla ya kelele. Linganisha na vikao vingi tunavyoitisha baada ya mambo kuharibika.

Kisha kazi inaanza. Chini kuna wanaopakia mchanga, kokoto na saruji kwenye mashine, wanaomimina maji, na wanaojaza makarai. Kwenye ngazi wamejipanga vijana wanaopokezana karai mkono kwa mkono hadi juu, ambako kuna anayemwaga, anayesambaza kwa beleshi na anayesawazisha kwa ubao mrefu. Makarai matupu yanarudi chini kwa njia nyingine. Kazi ikikolea, watu hawa hawaamrishwi. Wanaimba, wanataniana, na karai linafika mkononi kabla mkono haujatulia.

Sasa mtazame mnyapara kazi inapopungua kasi. Mnyapara mbaya huwapigia kelele walio karibu naye, kwa kawaida wale wa kwenye mashine, waongeze mwendo. Wanaongeza. Makarai yanajaa pale chini ya ngazi, zege linaanza kukaza humo ndani, na wa kwenye ngazi wanazidi kuchoka kwa sababu sasa kila karai linakuja na tusi. Mnyapara mzuri anafanya jambo moja: anatafuta makarai yamerundikana wapi. Yamerundikana kwenye ngazi ya tatu, kwa kijana mwembamba aliyeteguka kiganja. Anamtoa, anampa kazi ya kurudisha makarai matupu, anaweka mwingine pale. Kazi inarudi kwenye mwendo wake bila mtu kutukanwa.

Chukua hilo uende nalo ofisini. Barua zikichelewa, usianze na anayeziandika. Tafuta zimerundikana kwenye meza ya nani. Mara nyingi sana meza hiyo ni yako, kwa sababu uliagiza kila kitu kipite kwako kupata saini.

Kuna mtu mwingine wa kumtazama: anayeshika ndoo ya maji. Zege likiwa jepesi ni rahisi kubeba na rahisi kusawazisha, kwa hiyo kadiri watu wanavyochoka wanamwomba aongeze maji. "Mdogo wangu, tia kidogo, hili limekuwa gumu." Maji yakizidi, zege linapoteza nguvu zake, na siku hiyo hakuna atakayejua. Slabu itaonekana nzuri, laini kuliko iliyochanganywa sawasawa. Anayeshika ndoo huwa ni mdogo kuliko wote pale, pengine ameanza kibarua wiki hiyo, na anaombwa na watu wakubwa kwake wanaomwita kwa upendo. Je, fundi mkuu amemwambia kipimo? Na amewaambia wengine, mbele yake, kwamba kipimo hicho hakibadilishwi na mtu yeyote isipokuwa yeye fundi? Kama hakufanya hivyo, amemwachia kijana mzigo usio wa kiwango chake. Kila sehemu ya kazi ina mtu kama huyu: karani anayeombwa arudishe tarehe nyuma, muuguzi mpya anayeombwa amtangulize ndugu wa mtu, mtunza stoo anayeombwa atoe bila hati. Ukiwa kiongozi, mjue ni nani, na umpe kinga ya maneno yako hadharani kabla hajajaribiwa.

Jioni watu wanaoga, wanaondoka. Lakini slabu haijakamilika. Inahitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, asubuhi na jioni, la sivyo inakauka haraka juu na kupasuka. Nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Nani atamwagilia? Kwenye saiti nyingi kazi hiyo humwangukia mlinzi, mzee aliyeletwa kulinda nondo zisiibiwe. Ukimuuliza, "Shikamoo mzee, nani alikuelekeza kumwagilia?" atakujibu kwamba fundi aliondoka akisema tu, "Mzee, utakuwa unaiangalia angalia." Hakuambiwa mara ngapi, wala kwa nini. Kazi iliyofanywa na watu thelathini kwa jasho la kutwa nzima inakabidhiwa kwa mtu mmoja kwa sentensi ya mguu nje mguu ndani. Ukitaka kujua uimara wa kiongozi, tazama anavyokabidhi. Mpe anayepokea mambo matatu: afanye nini, afanye lini, na kitaharibika nini asipofanya. Kisha mwambie akueleze yeye alivyoelewa.

Pale pembeni ya saiti kuna mama lishe, na usiondoke bila kukaa kwake. Wiki nzima vibarua wanakula kwa mkopo. Daftari lake lina majina ya utani, Mrefu, Babu Tanga, Kijana wa Zege, na siku ya malipo, ambayo kwa wengi ni Jumamosi, anasimama karibu na geti kukusanya. Mkandarasi akichelewesha malipo hadi Jumatatu, anadhani amewachelewesha vibarua. Amemchelewesha na mama huyu, na muuza mkaa wake, na muuza mchele anayemkopesha mama gunia. Ukiwa unashika mishahara ya watu, kaa kwenye benchi lile usikilize Jumamosi moja ambayo hela hazikutoka. Hutalichukulia tena jambo la kuchelewesha kama karatasi ya kusaini kesho.

Hesabu ya tajiri

Turudi kwa konda aliyewazuia wanafunzi.

Tangu mwaka 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, daladala nyingi zimeendeshwa kwa mpango mmoja. Mwenye gari, ambaye wao humwita tajiri, anaweka kiasi ambacho dereva na konda lazima wamletee kila siku. Hicho ndicho wanachokiita hesabu. Mafuta wanaweka wao, faini ndogo za njiani wanajua wao. Kinachobaki baada ya hayo ndicho chao. Ikiwa mchana wote kulikuwa na foleni, hesabu haipungui. Nairobi na Mombasa matatu nyingi huenda kwa mtindo huohuo.

Ukishajua hivyo, kaa kituoni utazame upya. Kwa nini gari linasubiri lijae huku abiria walio ndani wanalalamika? Kiti kitupu kinatoka kwenye mfuko wa konda. Kwa nini wanakimbizana na gari la nyuma? Abiria wa kituo kinachofuata ni wa atakayetangulia. Kwa nini jioni wanakatisha ruti na kuwashusha watu njiani? Wanarudi kule ambako abiria ni wengi. Na mwanafunzi je? Nauli yake ni ndogo sana kuliko ya mtu mzima, lakini anachukua nafasi ileile, na tajiri hakupunguza hesabu kwa ajili ya wanafunzi. Tumekubaliana kama jamii kwamba mtoto alipe kidogo, kisha gharama ya makubaliano yetu tumewaachia watu wawili wasio na mkataba wala akiba.

Simtetei konda kwa kila jambo. Anayemtukana mama mjamzito amechagua mwenyewe kutukana, na wapo makonda wanaobanwa na hesabu ileile lakini wanawapandisha watoto na kuwashika mkono kushuka. Hao wanastahili heshima kubwa. Lakini kanuni inayohitaji watu wawe na moyo wa pekee ndipo mambo yaende, haitawashika wengi. Miaka yote tumekemea, tumepiga faini, na tabia zimebaki, kwa sababu hesabu imebaki.

Tazama na upande wa pili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, madereva wake waliajiriwa kwa mshahara. Hawakimbizani, hawakatishi ruti kumfuata abiria. Lakini pia watu wakirundikana kituoni saa mbili asubuhi, dereva hapungukiwi chochote, na msukumo wa kuwaondoa pale inabidi utoke mahali pengine, kwa wanaopanga magari. Kwa hiyo usikimbilie kusema mshahara ni mzuri na hesabu ni mbaya. Uliza kila mara: kwa mpango huu, nani anaumia kazi ikiharibika? Kama anayeumia ni mteja peke yake, tarajia malalamiko.

Sasa geukia kwako. Muuzaji wako analipwa asilimia ya mauzo, halafu unashangaa anamwambia mteja kila shati linampendeza. Walimu wako unawapima kwa idadi ya waliofaulu tu, halafu unashangaa watoto dhaifu wanashauriwa wahame. Fundi simu unayemlipa kwa kila simu iliyofunguliwa, atafungua na ile iliyohitaji kuchajiwa tu. Chukua karatasi, andika jina la kila unayemwongoza, na mbele yake andika ni jambo gani hasa linalomletea hela au sifa na ni jambo gani linalomtia hasara. Andika kwa ukweli. Mengi uliyokuwa ukiyaita uvivu au ujanja utayaona kwenye karatasi hiyo kwa mwandiko wako mwenyewe.

Anayeulizwa

Hili ni fupi. Nenda kwenye hospitali yoyote yenye watu wengi, ukae karibu na mlango. Dirishani kuna bango la maelezo na mhudumu wa mapokezi, lakini wagonjwa wanamuuliza mlinzi. Wapi vipimo, daktari wa macho anakuja siku gani, bima inapokelewa dirisha lipi. Mlinzi anajua yote na anajibu kwa upole au kwa ukali, na kwa wagonjwa wengi jibu hilo ndiyo sura ya kwanza ya hospitali nzima.

Kila sehemu ya kazi ina mtu wa namna hiyo, na jina lake halimo kwenye orodha ya wakuu wa idara. Katika wiki yako ya kwanza, hesabu watu wanaenda kwenye meza ya nani wakikwama. Huyo mwite kwenye mipango mapema, umweleze mabadiliko kabla ya tangazo. Akiyasikia pamoja na wengine ubaoni, naye ataulizwa, na atakuwa hana la kujibu.

Rudi kwa watu wako

Ukishafanya mazoezi haya nje, yafanye ndani, na hapa ugumu unaongezeka kwa sababu sasa unaowatazama wanakuogopa. Japani, Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga utaratibu wa uzalishaji wa Toyota, anakumbukwa kwa kuchora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda, akamsimamisha mhandisi ndani yake, atazame tu kwa saa nyingi. Akirudi humuuliza ameona nini. Jibu likiwa jepesi, humwacha aendelee kusimama. Usiwafanyie watu wako hivyo. Jifanyie mwenyewe. Waambie mapema: "Kesho nitakaa hapa asubuhi nijifunze kazi inavyokwenda, sina nia ya kumkagua mtu." Kisha timiza ahadi, usitumie ulichoona kumwadhibu yeyote. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hutaona tena kazi halisi mahali hapo.

Chunga sana ulimi unapouliza. "Kwa nini unafanya hivi?" kutoka kwa mkubwa inasikika kama shutuma, na mtu atakupa kisingizio. Uliza, "Dada, hapa huwa mnafanyaje mzigo ukija mwingi?" au "Fundi, ungekuwa wewe ndiye mwenye kiwanda hiki, ungeanza kugusa nini?" Kisha nyamaza. Kimya kikirefuka usikijaze.

Heshima si pambo la kazi, na historia ya nchi yetu inalo la kutufundisha. Mwongozo uliotolewa Februari 1971 na TANU, chama tawala cha wakati huo, katika ibara ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa Dar es Salaam waliishika ibara hiyo na kugoma, na madai yao mengi hayakuwa ya mshahara. Walilalamikia kutukanwa na kupuuzwa na mameneja wao. Watu walikuwa tayari kuhatarisha ajira zao kwa ajili ya namna wanavyosemeshwa. Hilo halijabadilika.

Baada ya kutazama na kuuliza, badilisha jambo moja. Lichague lile linalowapunguzia mzigo wanaofanya kazi, hata kama wewe halikuongezei sifa: kusogeza meza karibu na stoo, kuondoa saini mbili kati ya nne, kulipa Ijumaa badala ya Jumatatu. Watu wakiona kwamba kusema kwao kumezaa kitu, watakuletea mengine bila kuitwa.

Acha wiki mbili zipite, halafu simama tena palepale, saa ileile. Ukikuta wamerudia utaratibu wa zamani, usiitishe kikao. Mfuate anayebeba mzigo mzito kuliko wote, umsalimie, umuulize mabadiliko yako yamemwongezea kazi gani ambayo wewe hukuiona, na umsikilize mpaka amalize.